Simu Yako Imebeba Watu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Anayekopa kwenye simu huweka rehani watu wake. Anabonyeza "ruhusu", na papo hapo orodha nzima ya majina inaondoka: mama mkwe, bosi, mwalimu wa mtoto, daktari, jirani aliyemwazima ngazi mwaka juzi. Hakuna aliyeulizwa hata mmoja. Marejesho yakichelewa siku moja, hao ndio wanaopigiwa simu na kuambiwa kwamba fulani ni tapeli, na kwamba aliwaandika wao kuwa wadhamini. Wengine hujikuta wameingizwa kwenye kundi la WhatsApp lililofunguliwa usiku huohuo, picha ya mdaiwa ikiwa juu, matusi chini yake. Tanzania mikopo hii imepewa jina la kausha damu, na haijasingiziwa.

Naanza na mkopo kwa sababu unaonyesha waziwazi jambo ambalo mawaidha mengi ya faragha huliruka. Tunaambiwa tujilinde, kila mtu na simu yake, kila mtu na nywila yake. Ni kweli, lakini haitoshi. Taarifa nyingi zilizomo kwenye simu yako si zako, umekabidhiwa. Aliyekupa namba yake alikupa wewe, hakuipa kampuni, na amana haitolewi bila idhini ya mwenyewe. Maagizo yanayofuata yanatoka hapo.

Usiseme "sina cha kuficha".

Hata kama ni kweli huna, wenzako wanacho, na wewe ndiye uliyeshika ufunguo. Mwaka 2018 dunia ilifahamu jinsi kampuni ya ushauri wa kisiasa, Cambridge Analytica, ilivyopata taarifa za watumiaji wa Facebook. Watu wapatao 270,000 tu ndio waliojibu maswali ya programu iliyotengenezwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan. Programu hiyo ikachota pia taarifa za marafiki zao, na Facebook yenyewe ikakadiria kwamba walioguswa wangeweza kufika milioni 87. Piga hesabu. Kila aliyejibu aliwaburuta wenzake wapata 300 ambao hawakujibu swali lolote. Na hilo halikuwa jambo la mbali: kampuni hiyohiyo ilifanya kazi kwenye kampeni za uchaguzi nchini Kenya, 2013 na 2017.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia kwenye akaunti zipatazo 14,000 za 23andMe, kampuni ya Marekani inayopima vinasaba kwa mate, wakitumia nywila zilizokuwa zimevuja kutoka tovuti nyingine. Kupitia kipengele cha kutafuta ndugu, wakafikia taarifa za watu takriban milioni 6.9. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika, na hazina ya vinasaba vya wateja wake ikawa sehemu ya mali inayotafutiwa mnunuzi. Shangazi akipima mate amepima ukoo mzima, wakiwemo wajukuu ambao hawajazaliwa. Jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani, ambako vipimo hivi huuzwa kama zawadi ya sikukuu, wanapaswa kuwauliza ndugu zao kabla hawajatema mate kwenye kichupa.

Usikope kwa programu inayodai orodha yako ya majina, ujumbe wako au picha zako.

Hapa sina nafasi ya kulegeza. Mkopeshaji halali anahitaji kukujua wewe. Hahitaji kumjua dada yako. Anayedai orodha ya majina anatafuta fimbo ya kukuchapia siku ukichelewa. Na ujumbe mfupi ni hatari zaidi ya majina, kwa sababu ujumbe wa miamala umeandika maisha yako yote: mshahara unaingia tarehe ngapi, salio limebaki kiasi gani, kila wiki unamtumia nani, ulilipa zahanati gani na mwezi gani. Ukiruhusu usomwe, umempa mgeni daftari ambalo hata mwenzi wako hajalisoma.

Tangu 31 Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kugusa orodha ya majina na picha za mteja. Katazo hilo ni jema, lakini haliwagusi wanaotuma programu zao kwa kiungo cha WhatsApp au tangazo la Facebook. Kenya, kanuni za mwaka 2022 zinamtaka mkopeshaji wa kidijitali awe na leseni ya Benki Kuu. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na leseni, ikawaonya wananchi wasiyatumie. Kwa hiyo kabla ya kukopa, fungua tovuti ya Benki Kuu ya nchi yako na utafute jina la mkopeshaji. Usipoliona, acha.

Najua jibu: njaa haisubiri leseni. Mtoto akiwa na homa saa nne usiku, shilingi elfu thelathini ya haraka ina thamani kuliko faragha ya bosi. Silipuuzi jambo hilo hata kidogo. Ndiyo maana nasema uamuzi ufanyike kabla ya homa. Ingia VICOBA, SACCOS au chama ukiwa na nafuu, weka akiba hata iwe ndogo, ujue mapema ni nani utamgongea mlango. Na ukishafika ukingoni, ni afadhali umpigie ndugu mmoja umweleze shida yako mwenyewe kuliko kuwaachia watu usiowajua wawaeleze wote kwa niaba yako.

Usisakinishe kitu chochote kilichokufikia kwa kiungo. Hata kama kimetumwa na rafiki. Mara nyingi rafiki naye hakukituma. Simu yake ndiyo iliyokituma.

Pitia ruhusa ulizokwisha kuzitoa, leo.

Kwenye Android nenda Mipangilio, kisha Faragha au Usalama na Faragha, kisha kidhibiti cha ruhusa. Kwenye iPhone nenda Mipangilio, kisha Faragha na Usalama. Utaona orodha ya programu zinazojua mahali ulipo, zinazosikia kipaza sauti, zinazosoma majina. Pita moja baada ya nyingine, na kila moja iulize: bila ruhusa hii kazi yako ingekwama? Tochi haihitaji kujua uko Mbagala au Mbezi. Kalenda ya hedhi haihitaji majina ya watu wako. Kibodi ya kuchezea vikaragosi inaweza kusoma kila herufi unayoandika, pamoja na namba yako ya siri. Ruhusa isiyo na kazi iondoe, na programu usiyoitumia ifute kabisa, maana iliyolala nayo huweza kukusanya taarifa.

Ruhusa ya mahali ulipo iweke "wakati wa kutumia tu". Mahali unapolala, unaposali na unapotibiwa pakishajulikana kwa mwezi mmoja, aliye na orodha hiyo hahitaji tena kukuuliza wewe ni nani.

Weka nywila tofauti kwa kila akaunti, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Kilichowaponza wale 14,000 wa 23andMe ni nywila moja kutumika kila mahali. WhatsApp nayo ina namba yake ya siri ya tarakimu sita. Iweke, na usimpe mtu yeyote msimbo unaokuja kwa ujumbe, hata akijitambulisha kuwa ofisa wa kampuni ya simu.

Usiuze mwili wako kwa pesa ya wiki moja.

Julai 2023 maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi, wengine kwenye jumba la KICC, kukodolea macho kifaa cha duara cha mradi wa Worldcoin ulioanzishwa na Sam Altman na wenzake. Kifaa kilipiga picha ya mboni. Mwenye jicho alipata sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi. Siwalaumu waliopanga foleni. Kodi ya nyumba inadaiwa kila mwezi, na shilingi 7,000 ni pesa. Lakini lazima lisemwe kwa ukali: nywila ikivuja unaibadilisha, laini ikiibwa unaifunga, mboni ikivuja utaishi nayo hivyohivyo hadi kaburini. Kitu usichoweza kukibadilisha hukiuzi kwa bei ya kitu unachoweza kukinunua tena.

Kidole nacho ni hivyohivyo. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole Mei 2019, na tangu hapo kidole chako ndicho saini yako chini ya kila mwavuli wa kusajilia laini. Mbinu ya matapeli inajulikana. Unaweka kidole, kijana anatazama mashine, anasema haijasoma, weka tena. Unaweka tena. Mara ya kwanza ilikuwa imesoma. Ya pili imesajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo itatumika kumtapeli mama wa watu Singida, kisha polisi watakuja kwako. Sajili dukani kwa kampuni au kwa wakala unayemfahamu, angalia skrini mwenyewe, na usirudie kidole kabla hujaonyeshwa kwa nini. Kisha piga *106#, Tanzania na hata Kenya, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua ikatae siku hiyohiyo. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia Tanzania, utume kwenda 15040.

Usimwachie fundi simu iliyo wazi. Pita vibanda vya Kariakoo utazame simu zilizopangwa juu ya meza: kila moja ina kipande cha plasta mgongoni, na juu ya plasta kuna jina la mteja, namba yake, na mchoro wa kufungulia skrini umechorwa kwa kalamu, mshale ukionyesha pa kuanzia. Anayepita anauona. Kama ni kioo tu kinachobadilishwa, fundi hahitaji kufungua. Msubiri, ajaribu mbele yako. Kama simu lazima ilale, toa laini na kadi ya kumbukumbu, hifadhi vitu vyako kwingine, kisha ifute. Ukiiuza, irudishe kama ilivyotoka kiwandani. Picha za watoto wako hazimo kwenye bei.

Usibandike mtandaoni picha ya mtoto ambaye mzazi wake hujamuuliza.

Wala ya mgonjwa kitandani, wala ya marehemu, wala ya mteja aliyekuja kwako kula. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitangaza faini tatu kwa pamoja. Roma School ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Casa Vera Lounge, kiota cha starehe cha Nairobi, ilitozwa milioni 1.85 kwa kubandika picha ya mteja bila idhini yake. Mkopeshaji Mulla Pride alitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba alizozipata kwa wengine kutuma vitisho. Shule ndiyo iliyotozwa zaidi, kumpita hata mkopeshaji, na naona ni sawa. Mtu mzima anaweza kwenda kulalamika; mtoto wa darasa la pili hajui hata kwamba picha yake ipo.

Nawe mzazi, sare yenye nembo ya shule, jina kamili na muda wa kutoka vikiwa kwenye picha moja, umemwelekeza mtu usiyemjua hadi getini.

Wewe unayeshika daftari, lifunike.

Watu hudhani anayekusanya taarifa ni kampuni ya California. Nenda kwa wakala wa pesa jioni. Juu ya kaunta kuna daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, saini. Unapoandika mstari wako, mistari kumi na mitano ya juu yako iko wazi mbele ya macho yako. Umeshajua mama muuza mkaa ametoa kiasi gani leo, na aliye nyuma yako atajua ulichotoa wewe, pamoja na namba ya kukupigia. Wakala, daftari lako lifunike kwa karatasi ngumu iliyotobolewa mstari mmoja, na usiku lifungie kabatini. Ni kazi ya dakika tano.

Mlinzi wa geti la ofisi naye ana daftari lake. Mgeni huandika jina, simu, kitambulisho na anayekwenda kumwona, na ukurasa hukaa wazi siku nzima. Wanawake wengi wanaijua simu ya usiku kutoka kwa mtu "aliyeiona namba yako mahali". Mwenye jengo akitaka kujua nani ameingia, aandike kwa faragha na aseme karatasi hizo zitachomwa lini. Mgeni naye aulize, kwa adabu, namba ya simu ni ya nini. Mara nyingi mlinzi mwenyewe hajui, na atakuambia acha.

Kisha kamati za harusi, misiba na ujenzi wa nyumba za ibada. Orodha ya michango inarushwa kundini kila jioni: jina, namba, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Kundi lina watu mia mbili, nusu yao hawajuani. Katibu anadhani anahamasisha; kwa kweli amegawa bure kwa watu mia mbili orodha ya nani ana uwezo na nani amekwama. Andika jumla kundini, na deni la mtu mwambie mwenyewe pembeni. Mila zetu za kusitiriana zilikuwapo kabla ya sheria yoyote ya data, na simu haijazifuta.

Chagua kwa kuangalia kile ambacho kampuni haina.

Kila kampuni inaahidi kuheshimu faragha. Ahadi hazina uzito. Uliza inahifadhi nini. Mwaka 2016 waliotengeneza Signal, programu ya kutumiana ujumbe, walipopewa amri ya mahakama huko Marekani watoe taarifa za mtumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe ya kufungua akaunti na mara ya mwisho kuunganishwa. Hawakuwa na zaidi, kwa hiyo hawakuweza kutoa zaidi. WhatsApp nayo imefunga ujumbe kwa usimbaji fiche tangu 2016, lakini kampuni mama bado hufahamu unawasiliana na nani na lini. Kwa mazungumzo ya daktari, wakili au mwandishi wa habari, tofauti hiyo si ndogo.

Na usidhani kwamba kulipa pesa kunakusafisha. Televisheni za Vizio zilinunuliwa kwa pesa taslimu, na bado zilirekodi kinachotazamwa sekunde kwa sekunde bila wenyewe kujua. Mwaka 2017 kampuni ililipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri hilo. Avast iliuza kinga ya kompyuta, kumbe taarifa za tovuti walizotembelea wateja zilikuwa zikiuzwa. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5. Kwa hiyo kabla ya kununua televisheni erevu, kamera ya mlangoni au saa ya kupima mapigo, uliza dukani: inafanya kazi bila intaneti? Isipofanya, jua kwamba kifaa hicho kina mwajiri mwingine zaidi yako. Kadi ya pointi ya dukani nayo ina bei yake: historia ya kapu lako. Iweke kwenye hesabu kabla hujaikubali.

Usikubali kuambiwa kwamba kosa ni lako peke yako.

Nimekuwa mkali kwa msomaji, na sijuti, lakini kampuni zinapenda sana maneno kama yangu. Zinapenda kusema mteja alikubali masharti. Masharti ya kurasa arobaini, kwa Kiingereza cha wanasheria, kwa mtu anayesoma kwenye skrini ya inchi tano akiwa ndani ya daladala, hayawezi kuitwa makubaliano. Na uchaguzi una mipaka ya mfuko. Mwaka 2020 watafiti walikuta simu za bei nafuu za Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zikiwa na programu haribifu tangu dukani, iliyokuwa ikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua. Mtengenezaji alisema iliingizwa na mtu mwingine kwenye mnyororo wa uzalishaji. Mnunuzi wa simu ile angekuwa mwangalifu namna gani?

Hapo ndipo sheria inapotakiwa kusimama, na sheria ipo. Katiba ya Tanzania inalinda faragha kwenye ibara ya 16, ya Kenya ibara ya 31. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Una haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani kukuhusu, kudai zirekebishwe, na kudai zifutwe. Hifadhi ushahidi: picha ya skrini, namba iliyopiga, tarehe na saa. Iandikie kampuni kwanza. Isipojibu, peleka malalamiko kwa Tume hiyo, au kwa Ofisi ya Kamishna kama uko Kenya. Kenya yanapokelewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90.

Na usilalamike kwa ajili yako tu. Mama yako akipigiwa simu kwa deni la mpwa wake, yeye naye ameonewa, naye ana haki ya kulalamika hata kama hakuwahi kukopa senti. Kaa naye, mwandikie, tuma.

Kuhusu zile mboni za Nairobi, shirika la Katiba Institute lilikwenda mahakamani. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu kwa sarafu haikuwa halali, ikaamuru taarifa hizo zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna wa Ulinzi wa Data akisimamia.